Bwana Majengo na Mita Moja na Nusu

Nyinyi mnaojenga uani siku hizi bila kuuliza mtu, leo banda la pikipiki, kesho banda la mpangaji, sogeeni niwaambie habari za mtu mmoja. Jina lake sitalitaja. Waliobomolewa wanalijua, na waliosalimika wanalijua pia. Sisi tulimwita Bwana Majengo, kama tulivyomwita mwingine Bwana Afya na mwingine Bwana Shamba, na ukisema Bwana Majengo, kuanzia Ujiji mpaka soko la Mwanga, hakuna aliyekuuliza yupi. Mimi shule yangu ni kisomo cha watu wazima, basi msitafute maneno makubwa humu. Wala msitafute huruma nyingi. Wanangu wameniuliza mara kwa mara kama nilimsamehe yule mtu. Nitaeleza nilichofanya, mengine mtajijazia.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi hata siku za matope, siku ambazo sisi wengine tunatembea ndara mkononi. Alikuja na baiskeli. Aliiegemeza kwenye mchikichi, akavua kofia, akapiga hodi mara tatu, hata kama umesimama mbele yake unamtazama. Ukimpa kiti anakataa. Ukimpa maji anakataa. "Maji ya mwenye nyumba yanalegeza tepu," alisema. Tepu yenyewe ilikuwa ya kitambaa, ya manjano, ndani ya kasha la ngozi la mviringo, ameifunga kiunoni kama mvuvi wa Ilagala anavyofunga kisu.

Usemi wake mwingine ulikuwa "tepu haina mjomba". Huo alikuwa na haki ya kuusema, kwa sababu hata baba mkwe wake mwenyewe alimlazimisha kufukia choo chake. Yule mzee alikuwa amechimba karibu na kisima, akidhani mkwe ni mkwe. Bwana Majengo akafika, akapiga hodi zake tatu, akaamkia shikamoo kwa adabu zote, akapima, akaandika. Mzee akamwambia mbele za watu, "Mimi nimekupa binti mzima, wewe unaninyima shimo?"

Akajibu, "Binti nilishukuru, baba. Shimo liko hatua kumi kutoka kisimani, na inatakiwa thelathini."

Wiki nzima mzee akawa anakwenda haja kwa jirani, na mtaa mzima tukamwona akipita na kopo lake la maji, amenuna. Tulicheka sana. Hatukujua zamu yetu inakuja.

Nitasema kweli, maana mtu ukimchukia vizuri unapaswa kumjua vizuri. Hongo hakula. Watu walimjaribu kwa samaki wa ziwani, migebuka mikavu, kwa madebe ya mawese, kwa mbuzi. Mbuzi mmoja alimrudisha mwenyewe, anaendesha baiskeli polepole na mbuzi anamfuata kwa kamba, mji mzima unaangalia. Na kuna siku pale Mwanga aliingia kwenye kibanda cha fundi cherehani, kibanda cha nyuma ya duka, akatazama ufa mmoja ukutani usiozidi upana wa kidole, akawatoa mafundi wanne nje kwa makelele, na vyerehani vyao akavibeba yeye. Walimtukana. Mvua ya jioni ile ukuta ukalala chini kama mtu aliyechoka. Wale mafundi wako hai mpaka leo kwa ajili yake, na mimi siwezi kulifuta hilo. Ningependa angekuwa mla hongo. Mla hongo unamdharau, basi, yameisha. Huyu nilishindwa kumdharau, ikabidi nimchukie mzima mzima.

Kanuni zake alizijua kama imamu anavyojua sala. Ukimsimamisha njiani kuuliza, alikuwa mtu mwingine kabisa, mpole, anachuchumaa anakuchorea mchangani kwa kijiti. "Banda la kuku jenga, usiniite. Jiko la nje jenga, ila moshi usielekee dirisha la jirani. Stoo ya mihogo jenga. Lakini kila kimoja kikae mita moja na nusu kutoka mpakani. Moto ukiwaka mtu apite na ndoo. Maji ya paa lako yadondoke kwako. Na siku ukiingiza kitanda humo, niite, maana kuku akilala ni banda, mtu akilala ni nyumba, na nyumba lazima iwe na ramani na kibali."

Niseme kanuni hiyo ni mbaya? Si mbaya. Moto ulishawahi kuruka nyumba tatu pale mtaani kwetu kwa sababu watu walijenga mgongo kwa mgongo. Kanuni haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa mahali alipoanzia kupima.

Na hili msikilize vizuri, kwa sababu kila kitu kinakaa hapa. Mtaa wetu si kama Ujiji ya zamani ambako kila mtu alijenga alipotua mzigo. Wetu ulipimwa. Wapimaji walizika mawe ya saruji kwenye pembe za viwanja, kila jiwe na chuma chake katikati. Kisha wakaondoka, na sisi tukapanda minyaa kuzunguka viwanja, kama ilivyo desturi, maana minyaa haigharimu kitu na ng'ombe haili. Mnaijua minyaa. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Basi hakuna aliyepiga magoti kwenye minyaa kutafuta jiwe. Na minyaa inatembea. Ukiikata, matawi yanaanguka upande mmoja, yanashika mizizi, mwaka wa pili umepata ua mpya mbele ya ule wa zamani. Upande wa nyuma wa kiwanja changu alikaa mzee mmoja mpenda usafi, kila mwaka anakata minyaa na kuyasukumia matawi kwangu. Sikumgombeza. Nilidhani ni takataka tu.

Bwana Majengo naye, kwa usafi wake wote na shati lake, hakutaka utomvu. Alipima kutoka kwenye minyaa. Mji mzima alipima kutoka kwenye minyaa. Alikuwa anamwambia mwenye nyumba, "Shika hapa," yaani shika ncha ya tepu penye ua, halafu yeye anarudi nyuma taratibu mpaka ukutani, anasoma namba kwa sauti.

Sasa miaka ile watu wa Burundi walikuwa wanaingia. Waliteremka milima ya Kalinzi kwa miguu, wengine walikuja kwa mitumbwi wakishika pwani ya ziwa. Mnasikia habari hizo kama hadithi. Sisi tuliwakuta sokoni asubuhi wamekaa wamekumbatia masufuria. Mmoja wao nilimpenda. Alikuwa msichana tu, anaitwa Imakulata, na mtoto wa kike wa miezi mitatu mgongoni. Mimi nilikuwa na meza ya mawese pale Mwanga. Alikuja kuniuliza kama nina chikichi za kukamua, maana kukamua anajua. Nikampeleka nyumbani. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya wanangu wawili wakijumlishwa, na akikamua anaimba kidogokidogo kwa Kirundi, na mtoto analala kwenye kapu.

Mtaniuliza, mbona hukumlaza ndani? Niliwangoja mniulize. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikataa. Alisema, "Wa nje alale nje. Kesho ndugu zake ishirini watafuata." Na mimi siku zile nilikuwa mke wa kusema ndiyo. Nikasema ndiyo. Basi nikajenga banda uani, mimi na fundi mmoja, tofali za kuchoma, dirisha moja, bati sita. Nikamwambia mume wangu ni stoo. Nikawaambia majirani ni stoo. Nikaingiza kitanda cha kamba, na Imakulata akafuma mkeka wa ukindu akautandika juu yake.

Lilikaa wiki tano.

Hodi, hodi, hodi.

"Karibu, Bwana Majengo."

"Asante, sikai. Mama Hamisi, kile nyuma ni nini?"

"Stoo."

Akazunguka uani, mimi nyuma yake. Akainama, akachungulia mlangoni. Imakulata alikuwa amekaa kitandani na mtoto kifuani.

"Stoo inanyonyesha tangu lini, mama?"

Wanawake wa mtaani waliokuwa wamesogea wakacheka, na mimi nusura nicheke. Nikasema, "Ni mgeni. Atakaa kidogo tu."

"Wageni wana ofisi yao, na mimi si ofisi hiyo. Sijaona mgeni hapa." Ni kweli, hakumtaja kokote, na angeweza, maana wakimbizi walitakiwa kambini. "Mimi naulizia ukuta. Shika hapa."

Nikashika ncha ya tepu penye minyaa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Sentimita sabini na tano. Inatakiwa mita moja na nusu. Ramani iko wapi?"

"Sina."

"Kibali?"

"Sina. Bwana Majengo, mvua zimeanza. Nipe mpaka mvua zikatike, nitalisogeza mwenyewe."

"Siku saba."

"Mvua haitakatika siku saba."

"Mama, nikikupa wewe mpaka mvua zikatike, na yule pale nimpe mpaka avune, na yule mpaka aoze binti, huu mji utakuwa nini? Siku saba ni siku saba."

Akatoa kopo la rangi nyekundu kwenye kikapu cha baiskeli, akachora alama ya X kwenye ukuta, kubwa, upande wa dirisha. Imakulata alitoka akaitazama. "Mawe we," akasema, yaani mama yangu wee kwa Kirundi, kisha akanigeukia. "Mama, mimi nitaondoka. Msigombane na serikali kwa ajili yangu."

"Nani amekwambia uondoke? Kaa."

Nilihangaika siku zile saba. Fundi wangu alinichorea ramani kwenye karatasi ya daftari, nikaenda nayo ofisini, nimevaa kanga mpya. Bwana Majengo akaiangalia kwa makini, hakuidharau, akanirudishia. "Banda limechorwa vizuri. Mpaka uko wapi?"

"Ni minyaa."

"Ndiyo hivyo. Na kutoka kwenye minyaa ni sabini na tano."

Mnaona? Mimi mwenyewe nilisema ni minyaa. Wote wawili tulisema ni minyaa. Hakuna aliyesema tukachimbe tuone jiwe.

Alfajiri ya siku ya saba Imakulata alikuwa ameshaondoka. Alikwenda mahali malori yalipokuwa yanachukua watu kuwapeleka kambini, huko bara. Alifagia banda, akaacha kitanda kimetandikwa. Saa nne mgambo wawili wakaja na sululu, na Bwana Majengo na kofia yake. Kabla hawajaanza akaingia ndani, akautoa ule mkeka, akaukung'uta, akaukunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mkeka mzuri huu, mama. Usiuache unyeshewe."

Hapo ndipo nilipomshikia kinyongo. Angenitukana ningesahau. Lakini mtu mwenye moyo wa kuonea mkeka huruma, huyo moyo anao, na aliamua auweke wapi.

Mwaka uliofuata mwanamke mmoja kutoka kambini alikuja sokoni kuuza maharage, akaniletea salamu za Imakulata. Yeye alikuwa mzima. Mtoto hakufika masika ya pili. Kifua, chini ya turubai, kwenye baridi ile ya bara. Sisemi Bwana Majengo alimuua. Nasema tepu yake ilimtoa penye bati ikampeleka penye turubai. Na mume wangu, na mimi na ndiyo yangu, tulimsindikiza. Mume wangu nilimsemesha kidogo sana tangu siku ile mpaka alipokufa. Mimi mwenyewe najua ninavyojisemesha. Akabaki huyo mmoja.

Nilimlipiza kwa vidogo kwanza. Alikuwa ananunua mawese kwangu, maana mke wake aliyapenda yangu. Kila mteja anajua ukishamjazia chupa unamwongezea kidogo, hiyo nyongeza ndiyo undugu wa sokoni. Yeye sikumwongezea hata tone. Nilijaza mpaka kwenye mstari, naangalia kwa jicho moja, basi. Wanawake wa meza za jirani wakawa wananibana mbavu. "Mwenzetu, mpe japo kijiko, ni mtu mzima."

Unajua yeye alisema nini? Aliinua chupa juani, akatabasamu. "Mama Hamisi ndiye mwenye kipimo cha haki soko zima."

Miaka hiyo yote alinisifu.

Yule mzee jirani wa nyuma akafa, wanawe wako mbali, kiwanja kikageuka pori. Hapa kwetu kiwanja kikikaa wazi, wa karibu hupanda mihogo. Nikavuka minyaa, nikalima. Siku ya pili jembe likalia. Nikadhani ni sufuria bovu. Nikachimba kwa mkono, nikaona saruji, nikaona chuma katikati yake. Jiwe la mpaka. Liko hatua tatu ndefu ndani ya kiwanja cha marehemu, ng'ambo ya minyaa.

Nilikaa chini palepale juu ya matuta. Minyaa ilikuwa imetembea kuja kwangu miaka yote ile, tawi kwa tawi. Mpaka wangu wa kweli ulikuwa ng'ambo. Banda la Imakulata halikuwa sentimita sabini na tano kutoka mpakani. Lilikuwa mita tatu na zaidi. Lilikuwa halali mara mbili ya uhalali.

Ningekwenda ofisini siku ileile na jembe mkononi. Ningepiga kelele. Lakini kelele zingemfanyia nini? Angesema samahani mama, angeandika karatasi. Nikalifukia jiwe. Nikapanda muhogo juu yake. Hamisi mwanangu akaniuliza mbona natabasamu peke yangu, nikamwambia kashughulike na mambo yako.

Sikujua nangoja nini. Nilingoja tu, kama mama kuku juu ya mayai. Kisha Bwana Majengo akastaafu, na wale warithi wakauza kiwanja, na aliyenunua ni yeye. Akaonyeshwa mpaka. Akaonyeshwa minyaa. Akaridhika. Mihogo yangu ya pembeni akaniachia nivune.

Akajenga nyumba nzuri, mbali na ua, juu ya msingi mrefu kwa sababu ya mteremko, na ngazi sita mlangoni. Haikupita miaka mingi mkewe akapata ugonjwa wa miguu. Yule mama ni mtu mwema, siku zote anacheka, hajawahi kunikosea. Ngazi zikamshinda. Nikasikia Bwana Majengo anataka kumjengea banda uani, lisilo na ngazi, alale humo, ajitokee mwenyewe juani. Sitawadanganya kwamba sikujua ni la nani. Nilijua.

Alikuja na karatasi, maana yeye hakujenga hata banda la bata bila karatasi. Jirani wa kupakana anapaswa aandike kama ana pingamizi au hana. Safari hii kiti alikubali. Chai alikubali pia.

Nikamtania, "Haitalegeza tepu?"

"Sasa si mkaguzi, mama. Sasa ni jirani."

Akanywa. Nikaangalia koromeo lake linapanda na kushuka. Kisha akanisomea karatasi polepole, akidhani sijui kusoma: kwamba mimi jirani sina pingamizi naye kujenga banda ndani ya kiwanja chake. Nikatia sahihi. Ndani ya kiwanja chake sikuwa na pingamizi, na sina mpaka leo.

Akapima mwenyewe. Nilimwona kwenye upenyo wa minyaa, mzee sasa, shati bado jeupe, amemshikisha fundi ncha ya tepu penye ua. Mita moja na nusu kamili, hakupunja hata unywele. Yaani hatua nzima ndani ya ardhi yangu. Nikawaacha. Walimwaga msingi, nikasalimu. Walipandisha ukuta, nikawapelekea mafundi uji. Waliezeka, wakapaka chokaa, wakamhamisha yule mama, nikaenda kumpongeza na kibakuli cha dagaa wabichi. Alinishika mkono akasema, "Mama Hamisi, sasa naamka naliona jua." Nikarudi kwangu, nikavaa kanga, nikaenda ofisi ya ardhi kuomba mpimaji.

Mpimaji alikuja kijana, na mashine yake ya miguu mitatu, na majirani wakajaa kama msibani. Bwana Majengo akamkaribisha kwa furaha, akamwonyesha ua kwa mkono. "Mpaka huu hapa, kijana wangu. Naujua miaka yote."

Kijana akatazama ramani, akatazama mashine, akahesabu hatua, akamwambia kibarua wake achimbe kwenye mihogo. Chuma kikalia.

"Mzee," akasema kwa adabu, "minyaa si mpaka. Mpaka ni jiwe."

Bwana Majengo akainama akalitazama lile jiwe, akatazama banda lake, halafu akaligeukia tuta langu, akaona shina kuukuu la muhogo lililong'olewa juu ya jiwe, lililopandwa kabla yeye hajafika. Akanitazama. Nikamtazama. Sikupepesa.

Ofisini wakasema neno ni langu. Nikikubali, tutaandikishana libaki. Nikikataa, ana siku saba. Nikasema nitafikiri. Siku sita nilifikiri kwa raha kama mtu anayekula muwa.

Siku ya sita, asubuhi, mvua inatona, nikasikia hodi mara tatu.

"Karibu."

Alikaa bila kuambiwa. Kofia ameishika kwa mikono miwili, inamchuruzika maji magotini.

"Mama Hamisi, nilipima kutoka kwenye minyaa."

"Mwaka upi?"

"Mara zote mbili."

"Sema vizuri."

"Banda lako lilikuwa halali. Nilikosea. Nimelala siku sita naligeuza hilo. Nimekumbuka mpaka ule mkeka."

"Na mtoto unamkumbuka?"

"Alikuwepo mtoto, ndiyo."

"Hakufika masika ya pili. Kambini. Kifua."

Aliifinya ile kofia. "Hilo sikulijua, mama."

"Hukuuliza. Wewe uliulizia ukuta."

Hakujitetea. Ningependa ajitetee. Akasema, "Nina ombi moja, kisha nitakwenda. Fundi anaweza kunitengenezea njia ya mteremko pale penye ngazi, mke wangu apandishwe kwa kiti cha magurudumu arudi ndani. Lakini saruji haikauki kwenye mvua hii. Nipe wiki tatu. Mpaka mvua zipungue. Baada ya hapo nitabomoa kwa mkono wangu."

"Nami nilikuomba nini?"

"Hivyohivyo."

"Ukanipa?"

"Sikukupa."

Nilitoka barazani nikasimama kwenye mvua kidogo, nione kama moyo utanilegea. Haukulegea. Niliona mgongo wa Imakulata, ule wa alfajiri ambao sikuuona. Kisha nikaona dirisha la lile banda la chokaa ng'ambo ya minyaa, na yule mama ndani yake ameegemea mto, ananipungia mkono. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Nikarudi. Nikawaita wote wa nyumba yangu, Hamisi na mdogo wake, na Zaituni mke wa Hamisi, wakaja wakasimama mbele yangu, na Bwana Majengo yuko palepale kwenye kiti anasikia. Nikawaambia:

"Zaituni, tandua kitanda changu, uweke shuka safi, mimi nitalala na watoto. Hamisi, wewe na mdogo wako chukueni turubai na mwavuli, nendeni mkambebe yule mama, mumlete humu ndani, na tone la mvua lisimguse. Akishalala, akishakunywa uji, shikeni sululu mkalibomoe lile banda leo hii, lote, mpaka msingi."